Kabla ya Kununua Mziki wa Bei Kubwa, Lipime Sikio Lako

Leo tutazungumza juu ya masikio na fedha. Huenda mtashangaa na kuuliza, mambo hayo mawili yanahusianaje? Someni mpaka mwisho mtaona.

Siku moja tulitembelea kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kikundi kina wanachama 22. Kwa miaka mitatu walikuwa wameweka hisa zao kidogo kidogo ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Sasa walitaka kununua mziki wa kukodisha kwenye harusi na ngoma za kijiji. Seti ya kawaida, yaani spika mbili na mashine yake, ilikuwa shilingi 450,000. Lakini mfanyabiashara mmoja aliwashauri wachukue seti nyingine ya shilingi 1,100,000.

Aliwaambia hivi: "Mama zangu, nyimbo za kwenye simu na memori kadi zimebanwa. Sauti yake imeharibika kwa ndani. Mashine hii yangu inapiga nyimbo ambazo hazijabanwa. Wateja watasikia tofauti mara moja."

Mwenyekiti wa kikundi alituuliza, "Mwalimu, ni kweli? Maana hizo laki sita na nusu za juu ni jasho letu."

Swali lile lilikuwa zuri. Kuuliza si ujinga. Basi tuliamua kulijibu pamoja nao, na leo tunawapa ninyi wasomaji majibu yale.

SAUTI INAINGIAJE NDANI YA SIMU?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ukipiga ngoma, ngozi inatetemeka, hewa inatetemeka, na mwisho ngoma ya sikio lako nayo inatetemeka. Sikio la kijana mwenye afya linaweza kusikia mitetemo kuanzia 20 mpaka 20,000 kwa sekunde moja. Kadiri mtu anavyozeeka, sauti nyembamba za juu kabisa hazisikii tena. Hilo ni jambo la kawaida, si ugonjwa.

Zamani tulitumia santuri na kanda. Siku hizi muziki mwingi ni wa dijitali. Maana yake ni kwamba sauti imegeuzwa kuwa tarakimu. Je, sauti inakuwaje tarakimu?

Akina mama wanaijua kadi ya kliniki. Kila mwezi mtoto anapimwa uzito. Mwuguzi anatia nukta kwenye kadi. Kisha nukta zinaunganishwa kwa mstari, na mama anaona jinsi mtoto anavyokua. Hakuna haja ya kumpima mtoto kila dakika. Nukta za kila mwezi zinatosha, kwa sababu uzito wa mtoto haubadiliki haraka.

Muziki wa dijitali ni vivyo hivyo, ila sauti hubadilika haraka sana. Kwa hiyo mashine huupima mtetemo mara nyingi mno. Mwaka 1982 sahani za muziki ziitwazo CD zilianza kuuzwa nchini Japani. Zilitengenezwa na makampuni ya Philips na Sony. Katika CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu wataalamu wanajua kwamba ili kunasa mtetemo wowote, lazima uupime zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Sikio linaishia 20,000. Mara mbili yake ni 40,000. Basi 44,100 inatosha.

Sasa fikirini tena ile mizani ya kliniki. Mtoto ana uzito wa kilo 7 na gramu 140. Mizani inasoma kilo 7 na gramu 100 tu. Zile gramu 40 zimepotea. Hilo ni kosa dogo. Mashine ya sauti nayo hukosea kidogo kila inapopima. Lakini mizani ya CD ni kali sana, ina ngazi 65,536. Kwa hiyo kosa lake ni dogo mno.

KUBANA WIMBO NI KAMA KUKOBOA MAHINDI

Wimbo wa CD una tarakimu nyingi. Wimbo wa dakika 4 unachukua MB 42 hivi. Kwenye memori kadi ya GB 8 zitaingia nyimbo 190 hivi tu. Na ukitaka kuupata wimbo huo kwa simu, bando litakwisha.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kupunguza mzigo. Mmoja wao alikuwa Karlheinz Brandenburg, Mjerumani. Yeye na wenzake wa Taasisi ya Fraunhofer, mjini Erlangen, walifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 walichagua jina la MP3. Wengi wenu mmeliona jina hilo kwenye simu zenu, mwishoni mwa jina la wimbo.

MP3 inapunguzaje mzigo? Fikiri umesimama karibu na mashine ya kusaga. Injini inanguruma. Jirani yako anakunong'oneza. Midomo yake unaiona, lakini maneno huyasikii. Sauti kubwa imeifunika sauti ndogo. Katika muziki pia, ngoma inapolia kwa nguvu, sauti ndogo zilizo karibu nayo hufunikwa. Sikio halizipati. Basi MP3 inazitafuta sauti zile ambazo sikio lisingezisikia, na kutumia tarakimu chache kwake, au kuzitupa kabisa.

Ni kama kukoboa mahindi. Unaondoa pumba, unabaki na chakula. Wimbo wa MB 42 unaweza kuwa wa MB 6 tu. Kwenye ile kadi ya GB 8 sasa zinaingia nyimbo zaidi ya 1,300. Lakini ukikoboa kupita kiasi, unaondoa na kiini. Hata wimbo ukibanwa mpaka ukawa wa MB 1, utasikika kama umeimbwa ndani ya debe. Sauti za juu zinakuwa kama maji yanayochuruzika.

Kwa hiyo yule mfanyabiashara hakusema uongo mtupu. Ni kweli nyimbo za simu zimebanwa. Ni kweli kuna kitu kimepotea. Swali ni moja tu: Je, kilichopotea kinasikika?

WATAALAMU WALIONA NINI?

Kwanza, kasoro hazisikiki sawa katika kila wimbo. Brandenburg alipokuwa akiijaribu njia yake, alitumia wimbo mmoja wa Suzanne Vega wa Marekani, uitwao "Tom's Diner". Wimbo ule ni sauti ya mwanamke peke yake, bila chombo chochote. Mwanzoni sauti ile ilitoka vibaya, ndipo akarekebisha tena na tena. Kwa nini wimbo ule ulikuwa mgumu? Kwa sababu sauti ya mtu mmoja haina kitu cha kuficha makosa. Katika bendi kubwa, makosa madogo hujificha nyuma ya ngoma na magita. Sauti kali za ghafla, kama makofi, nazo hufichua makosa upesi.

Pili, mwaka 2007 watafiti wawili, Meyer na Moran, walitoa matokeo ya majaribio yao ya mjini Boston, Marekani. Waliwapa watu muziki wenye vipimo vingi kuliko CD. Kisha muziki huo huo waliupitisha katika kiwango cha CD. Wasikilizaji hawakuambiwa ni upi. Kati ya majaribio 554, waliotaja sawasawa walikuwa 276. Yaani ni karibu nusu kamili. Hata mtu anayerusha shilingi hewani angepata nusu.

Tatu, kuna kasoro nyingine ya dijitali. Ni pale mashine inapochelewa au kuwahi kidogo sana kupima au kutoa sauti. Ni kama mwuguzi anayepima mtoto leo badala ya jana. Watafiti wa Japani waliichunguza mwaka 2005. Hata wasikilizaji waliofundishwa vizuri hawakuisikia kasoro hiyo ndani ya muziki mpaka ilipozidishwa mara nyingi kuliko ile inayopatikana katika mashine za dukani.

Je, hakuna anayesikia kabisa? Tusiseme hivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye zaidi ya mara 12,000 za kusikiliza. Alipata kwamba watu hutambua muziki wenye vipimo vingi kuliko CD kwa asilimia 52 hivi. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya kubahatisha. Waliofundishwa kusikiliza walipata zaidi kuliko wengine. Maana yake tofauti ipo, lakini ni nyembamba sana, na inatafutwa katika chumba kimya, kwa vyombo vizuri, na kwa makini sana. Hiyo si hali ya harusini.

Lakini kasoro ikiwa kubwa, hata mtu wa kawaida huisikia. Mwaka 2008 kikundi cha muziki cha Metallica cha Marekani kilitoa albamu iitwayo Death Magnetic. Muziki ule ulikuwa umepandishwa sauti kupita kipimo, hata vilele vya mtetemo vikakatwa. Wapenzi wa kikundi hicho walilalamika kwamba sauti inakwaruza. Hawakuhitaji shahada. Walisikia kwa masikio yao wenyewe.

TULIVYOJARIBU NA AKINA MAMA

Turudi kijijini. Tuliwaambia wale akina mama, "Msituamini sisi, wala msimwamini mfanyabiashara. Tuyaulize masikio yenu."

Kwaya ya pale ilikuwa imerekodi wimbo wake studio, na kiongozi wao alikuwa ametunza nakala ya kwanza ambayo haijabanwa. Tukaandaa faili tatu za wimbo ule ule. Ya kwanza ni ile nakala ya MB 42. Ya pili tuliibana ikawa MB 6. Ya tatu tuliibana sana ikawa MB 1. Tukatumia simu moja na spika moja, na sauti tuliiweka juu kiasi kile kile. Hilo ni muhimu sana. Ukipandisha kimoja kidogo tu, watu watasema hicho ndicho kizuri, kumbe ni kikubwa tu.

Kisha tulitundika khanga. Mchezeshaji wa simu alikaa nyuma yake ili asionekane. Kila mara alirusha shilingi. Ikiwa kichwa, alipiga faili kubwa. Ikiwa upande wa pili, alipiga faili ya MB 6. Aliandika kila alichopiga. Msikilizaji naye alitaja anachodhani, na mtu wa tatu aliandika majibu. Kila mmoja alisikiliza mara 10.

Kwa nini mara 10? Kwa sababu mara moja ni bahati. Mtu anayebahatisha hupata 5 hivi kati ya 10. Kupata 9 au 10 kwa bahati tupu hutokea mara 1 tu hivi katika kila 100. Kwa hiyo atakayepata 9 tutamkubali kwamba anasikia kweli.

Mama wa kwanza alipata 5. Wa pili alipata 6. Kijana mmoja mwenye majivuno, aliyesema yeye hawezi kudanganywa, alipata 4. Watu walicheka sana.

Halafu tulijaribu faili kubwa na ile ya MB 1. Hapo wote watatu walipata 10. Bibi mmoja mzee alisema, "Hiyo si kwaya yetu, hao wamemeza mchanga."

Somo ndilo hilo. Wimbo uliobanwa kwa kiasi, masikio ya kawaida hayatofautishi. Wimbo uliobanwa kupita kiasi, kila mtu anasikia.

BASI SAUTI MBAYA INATOKA WAPI?

Wengine watasema, "Lakini mziki wa harusi ya juzi ulikwaruza kweli!" Ni sawa, ulikwaruza. Lakini mara nyingi kosa haliko kwenye tarakimu. Angalieni haya kwanza:

1. Sauti imepandishwa mpaka mwisho. Mashine inaposhindwa, inakata vilele vya mtetemo, na sauti inakwaruza. Punguzeni kidogo. Ikiwa hadhira ni kubwa, ongezeni spika badala ya kuongeza kelele.

2. Besi imezidishwa. Sauti nzito hula nguvu nyingi ya mashine. Spika ndogo haiwezi.

3. Karatasi ya spika imepasuka au imejaa vumbi. Spika yenyewe, hata ikiwa nzima, hupotosha sauti kuliko faili nzuri ya dijitali.

4. Betri imekwisha nguvu, au waya umelegea.

5. Wimbo umebanwa mara nyingi. Hapa tuwe waangalifu. Kunakili faili kutoka kadi moja kwenda nyingine hakupunguzi kitu. Nakala ya 100 ni sawa na ya kwanza. Hii ni tofauti na kanda za zamani, ambapo kila nakala iliongeza mchirizo. Lakini ukiubana upya wimbo ambao tayari umebanwa, unapoteza tena. Na ukinasa wimbo kwa kuielekeza simu kwenye spika, unanasa na mbuzi na upepo.

FAILI KUBWA INA KAZI YAKE

Je, tuzitupe faili kubwa? Hapana. Wanakwaya sikilizeni vizuri. Mkirekodi studio, ombeni nakala ya kwanza ambayo haijabanwa. Mara nyingi jina lake huishia na WAV. Itunzeni kwenye flashi mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Hiyo ndiyo mbegu yenu. Mkitaka baadaye kurekebisha wimbo au kutengeneza nakala nyingine, mtaanzia hapo. Nakala ndogo za MP3 ndizo za kugawa na kuuza. Mkibaki na ile ndogo peke yake, hakuna fundi atakayeweza kurudisha kilichotupwa. Pumba ikishapeperushwa na upepo hairudi guniani.

KASORO ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Ndugu wasomaji, iko kasoro moja ambayo haiko kwenye simu wala kwenye spika. Ni sikio lenyewe kuharibika. Sauti kubwa huua vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio. Vikishakufa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza usikivu kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo msisimame mbele ya spika usiku kucha. Watoto wachanga msiwalaze karibu nazo. Wanaovaa spika za masikioni wasipandishe sauti kupita asilimia 60. Ukitoka kwenye muziki na masikio yanalia "nzii", hiyo ni onyo. Haifai mtu atoe laki nyingi kwa ajili ya kasoro asiyoisikia, halafu apoteze masikio ya kuusikia muziki wenyewe.

AKINA MAMA WALIAMUA NINI?

Walikaa kikao. Mjumbe mmoja alisema seti ya bei kubwa huenda ina spika kubwa zaidi au betri ya kudumu. Hoja yake ilikuwa nzuri. Mambo hayo yanaweza kuwa na thamani. Basi walimwendea mfanyabiashara wakamwuliza: Spika ni kubwa kiasi gani? Betri inakaa saa ngapi? Dhamana ni miezi mingapi? Vipuri vinapatikana? Wakamwomba awashe seti zote mbili nje, kwa sauti ya harusi. Spika zilikuwa za ukubwa mmoja. Betri zilikuwa sawa. Tofauti aliyoisifu ilikuwa ni ile ya nyimbo zisizobanwa tu.

Mwenyekiti akamwambia, "Ahsante mwanangu, lakini hicho masikio yetu yamekikosa mara tatu." Wakanunua seti ya 450,000. Fedha zilizobaki zilirudi sandukuni, zikaandikwa daftarini mbele ya wote.

Ndugu wasomaji, hatusemi kitu cha bei kubwa ni kibaya. Tunasema kwamba anayeuza huona faida yake, na wewe unapaswa kuona yako. Ukiambiwa kitu fulani ni bora, tundika khanga, rusha shilingi, sikiliza mara 10, na andika. Ndiyo maana tulijifunza kusoma na kuhesabu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mchezeshaji wa simu alikaa nyuma ya khanga?

2. Kuna tofauti gani kati ya kunakili wimbo na kuubana upya?

3. Kwaya ya kijiji chenu inatunza wapi nakala ya kwanza ya nyimbo zake?

4. Taja vitu vingine vinavyouzwa kwa bei kubwa kijijini kwenu kwa kusifiwa tu. Mnaweza kuvipimaje kabla ya kununua?